Picha asili isikae ukutani

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie picha za nyeusi na nyeupe, zile zilizosafishwa kwa dawa katika vyumba vya giza, ambazo karibu kila nyumba ya mjini hapa Unguja, na nyingi za Pemba, Tanga, Mombasa na Lamu, inazo mbili tatu ukutani au ndani ya kasha. Ninalotaka kuwaambia wasomaji wenzangu, na baadaye nikuambie wewe na wasimamizi wa gazeti lako, ni kwamba picha hizo zina uwezo wa kuishi miaka mia moja na zaidi, na kwamba nyingi zinazokufa sasa zinauliwa na namna tunavyozitundika. Picha asili haifai kukaa ukutani. Inayofaa kukaa ukutani ni nakala yake, na asili iwekwe pasipo na mwanga wala unyevu, ndani ya karatasi isiyo na asidi.

Nayasema haya nikiwa mtu aliyefanya kazi ya kusafisha na kuchapa picha tangu ujana, kisha akaingia katika utunzaji wa nyaraka. Sidai kwamba watu hawazijali picha zao. Wanazijali mno, na ndiyo sababu wanazitoa kashani, wanazipeleka kwa fundi wa fremu, na kuzitundika sebuleni ili kila mgeni aingiaye amwone mzee aliyetangulia mbele ya haki. Kwa kuwa nia ni njema, naamini maelezo yatasikilizwa.

Kwanza ieleweke picha hiyo ni kitu gani. Chini kuna karatasi yenyewe. Juu ya karatasi kuna tabaka jeupe la madini yaitwayo bariamu salfeti, ambalo ndilo linaloipa picha weupe wake. Juu kabisa kuna utando mwembamba wa jelatini, ambayo ni protini inayopatikana kwa kuchemsha mifupa na ngozi za wanyama, na ndani ya utando huo zimo chembechembe za fedha halisi, ndogo mno kuonekana kwa macho. Weusi wa joho la babu katika picha ni fedha. Weupe wa kanzu yake ni mahali ambapo fedha imeondolewa na weupe wa chini ukaachwa uonekane. Fedha ya picha huharibiwa na adui yule yule anayeufanya mkufu wa fedha uingie weusi, yaani salfa iliyomo hewani, pamoja na gesi kali zinazotoka kwenye rangi mbichi za ukuta, moshi wa magari na mbao zilizogandishwa kwa gundi. Tofauti ni kwamba chembe za picha ni ndogo sana, hivyo hazina akiba ya kupoteza, na hakuna wa kuzisugua zikang'aa tena. Jelatini nayo ina udhaifu wake: hunywa maji kutoka hewani, huvimba, hulainika, na kwa kuwa ni protini huwa chakula cha kuvu, mende, na vile vidudu vyembamba vya rangi ya fedha vinavyokimbia mtu anapofungua kitabu cha zamani.

Umri wa picha huanza kuamuliwa dakika chache baada ya kuzaliwa kwake. Karatasi ikishatoka kwenye divelopa, yaani dawa inayoitokeza taswira, na kupitishwa katika maji yenye asidi ya siki, hutiwa kwenye fiksa, ambayo ni dawa ya sodiamu thaiosalfeti inayoondoa chumvi za fedha zisizoguswa na mwanga. Fiksa ikiwa imechoka kwa kutumika kwa picha nyingi, chumvi hizo hazitoki zote, na baada ya miaka sehemu nyeupe hugeuka manjano au kahawia. Fiksa yenyewe isipooshwa vizuri hubaki ndani ya nyuzi za karatasi, nayo ina salfa, kwa hiyo huila picha kutoka ndani, taratibu, popote itakapowekwa. Karatasi nzito ya zamani ilihitaji kuoshwa kwa maji yanayobadilika kwa muda wa saa nzima, au pungufu ya hapo ikiwa fundi alitumia dawa ya kusaidia kuosha. Studio iliyojali jina lake haikupunguza muda huo. Wengine walizidisha hatua moja, wakaipitisha picha katika dawa ya seleniamu au ya dhahabu, au ile ya salfaidi inayoipa rangi ya hudhurungi, na fedha iliyopitia dawa hizo haishambuliwi kwa urahisi. Ukiona picha ya miaka ya 1930 yenye hudhurungi ya kina, vivuli vyake bado vimeshiba, na pembeni yake ipo picha ya miaka ya 1970 iliyofifia mpaka pua na mdomo havitengani, sababu kubwa mara nyingi ni kazi iliyofanyika au isiyofanyika kwenye beseni la kuoshea.

Ukanda wetu una urithi mkubwa wa kazi hiyo. A.C. Gomes na ndugu wa Coutinho, Wagoa waliofungua studio Zanzibar katika karne ya 19, walipiga picha za watawala, wafanyabiashara na watu wa kawaida ambazo hadi leo zinachapishwa kwenye kadi na vitabu. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio hapa Mji Mkongwe mwaka 1930, na kazi ikaendelezwa na mwanawe. Mombasa walikuwa na mpiga picha Parekh, Lamu walikuwa na Omar Said Bakor aliyezichezea picha kwa mkasi na kuunganisha taswira kwa ubunifu wa pekee. Hata hivyo si kazi zote hizo zinatunzwa kwa namna moja. Anayeishika picha ya karne ya 19 ajue kwamba huenda isiwe ya jelatini kabisa, kwa kuwa karatasi nyingi za wakati ule zilipakwa ute wa yai. Ni nyembamba sana, na ndiyo sababu zilibandikwa juu ya kadi ngumu, nazo huathiriwa na mwanga kuliko picha za jelatini. Na zile picha za studio ambazo mashavu na mitandio ilipakwa rangi kwa brashi baada ya kuchapwa zisiguswe kwa kitambaa kibichi hata kidogo, maana rangi hiyo iko juu ya utando na inaweza kuondoka mara moja.

Sasa nije kwenye hali ya hewa, ambayo ndiyo inayotutofautisha na walioandika vitabu vya utunzaji huko kwenye nchi za baridi. Viwango vya kimataifa vinataka picha zikae katika unyevu wa hewa wa kati ya asilimia 30 na 50. Unyevu ukizidi asilimia 65 kwa muda, kuvu huota. Hapa pwani wakati wa masika kipimo hupanda mara kwa mara juu ya asilimia 80, na nyumba zetu za mawe, zilizojengwa kwa matumbawe, udongo na chokaa, hunywa maji kutoka ardhini na kutoka kwenye mvua inayopiga ukuta wa nje, kisha huyatoa polepole upande wa ndani. Fremu iliyolala bapa juu ya ukuta wa namna hiyo hupokea unyevu kwa mgongo wake usiku na mchana. Mkaguzi mwangalifu ataona dalili akiishusha: kadi ya nyuma imepinda, ina madoa ya rangi ya chai, na msumari umeacha kutu yenye umbo lake.

Wapo wanaodhani kiyoyozi kimemaliza tatizo hilo. Kiyoyozi kinachowashwa saa za kazi na kuzimwa jioni, kama ilivyo katika ofisi na hata baadhi ya kumbi za maonyesho, kinaweza kudhuru kuliko chumba chenye madirisha yaliyo wazi na feni ya dari, kwa sababu mchana hewa hukauka na jelatini hunywea, usiku joto na unyevu hurudi na jelatini huvimba, na karatasi iliyo chini yake haivimbi kwa kiasi kile kile. Mvutano huo ukirudiwa kila siku kwa miaka huipinda picha, huipasua utando, na huondoa vipande vidogo vidogo kuanzia kwenye kingo. Asiye na uwezo wa kuendesha kiyoyozi mchana na usiku atafute chumba cha ndani kisicho na ukuta wa nje, cha ghorofa ya juu lakini si chini ya bati, apitishe hewa, na atunze picha ndani ya sanduku lililofungwa vizuri ambalo hupunguza kasi ya mabadiliko. Vile vifuko vya silika vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu na dawa vinasaidia katika sanduku dogo, mradi visiguse picha na vibadilishwe vinaposhiba maji; vikiachwa mwaka mzima havifanyi kazi yoyote.

Madhara ninayoyaona mara nyingi zaidi ni ya kioo. Fundi hupokea picha, huikata kidogo ili iingie, huilaza moja kwa moja juu ya kioo, huweka kadibodi ya maboksi nyuma yake, hupigilia misumari midogo, kazi imekwisha. Masika ya kwanza yakija, jelatini hulainika na kukishika kioo. Nilikuwapo pale mama mmoja alipoileta dukani kwa fundi picha ya harusi ya wazazi wake ili abadilishiwe fremu iliyoliwa na mchwa. Ukiitazama kwa pembeni uliona sehemu zilizogandana na kioo ziking'aa kama zimelowa, zimejichora kama ramani kutoka bega la bwana harusi hadi kwenye pete ya bibi harusi, na zile ambazo hazijagandana zilibaki hazing'ai, kama karatasi ya kawaida. Fundi alipitisha wembe kati ya kioo na picha, akavuta. Karatasi ilitoka, lakini uso wa bwana harusi ulibaki kwenye kioo, na mkononi mwa fundi palikuwa na duara jeupe juu ya kola ya kanzu. Mama yule hakusema neno. Hakuwa na nakala, wala negativu, ile filamu ya kuchapia picha.

Picha iliyogandana na kioo isivutwe. Iachwe na kioo chake, ipigwe picha au iskaniwe kupitia kioo hicho hicho, kisha yote mawili yahifadhiwe pamoja mpaka apatikane mtaalamu wa kurekebisha picha. Yapo mambo mazuri machache ambayo mtu asiye na mafunzo anaweza kuyafanya katika hali hiyo, na hilo ndilo la kwanza.

Iwapo familia imeshikilia kwamba lazima asili itundikwe, basi angalau itundikwe kwa namna isiyoiua. Kati ya picha na kioo pawe na kadi yenye dirisha, unene wake usipungue milimita moja na nusu, ili uso wa picha usikiguse kioo wakati wowote. Kadi hiyo, na ile ya nyuma, ziwe za pamba au za karatasi iliyoondolewa asidi. Kadibodi ya maboksi, hadibodi na plaiwudi hutoa asidi na gesi ambazo huingia katika picha mchana na usiku. Picha isibandikwe kwa gundi wala selotepu. Ishikwe kwa vipembe vinne vya karatasi vinavyobandikwa kwenye kadi, huku picha yenyewe ikiingia ndani ya vipembe bila kuguswa na gundi, ili iweze kutanuka na kusinyaa bila kukwama. Isikatwe: ule ukingo mweupe wa studio, pamoja na muhuri wake wa kugandamizwa, ni sehemu ya picha. Nyuma ya fremu, kwenye pembe za chini, vibandikwe vipande vya kizibo au vya mbao ili fremu isimame mbali kidogo na ukuta na hewa ipite. Wengi hutumia vipande vya mpira. Mpira una salfa, na mimi ningeuepuka kabisa karibu na picha za fedha.

Kuna aina moja ya picha ambayo haifai kuwekwa chini ya kioo kwa hali yoyote, na wengi hawaijui. Kuanzia miaka ya 1970 viwanda vilileta karatasi yenye ngozi ya plastiki pande zote mbili, na mafundi wa chumba cha giza waliipenda kwa sababu huoshwa kwa dakika nne tu na hukauka bila kupinda. Katika karatasi za mwanzo za aina hiyo, weupe ulitokana na titaniamu iliyochanganywa ndani ya plastiki, na mwanga unapoipiga huzalisha kemikali kali zinazoioksidisha fedha. Zikiwa huru kemikali hizo hutawanyika hewani. Zikifungiwa nyuma ya kioo hurudi kwenye picha, na matokeo yake ni madoa madogo mekundu na ya machungwa, au utando wa fedha wa rangi ya buluu, unaong'aa kama kioo cha kujitazamia, unaotanda juu ya sehemu nyeusi. Picha hiyo hiyo ikikaa ndani ya bahasha gizani hukaa salama. Kuitambua si kazi kubwa: mgongo wake ni laini, hauandikiki kwa penseli ya kawaida, na ukiupinda ukingo kidogo unasikia ukakamavu wa plastiki.

Kuhusu mwanga, fedha yenyewe haifi kwa mwanga kwa wepesi kama zinavyokufa rangi za picha za rangi, na pengine ndiyo sababu watu wamezoea kutokuwa na wasiwasi. Wanaosahaulika ni karatasi, jelatini, kadi, na zile rangi za brashi nilizozitaja, ambazo zote huungua. Makumbusho yanayofuata utaratibu huonyesha picha za namna hii katika mwanga wa laksi (kipimo cha mwanga) 50 hadi 100, huzuia miale ya urujuanimno kwa kioo maalumu, na huishusha picha baada ya miezi kadhaa ili ipumzike gizani. Jua la mchana wa saa sita hapa kwetu hufikia laksi 100,000. Ninapoingia katika hoteli na mikahawa ya Mji Mkongwe nikakuta picha asili za studio zimetundikwa kwenye baraza, zikipigwa na jua la jioni na upepo wa bahari wenye chumvi, huwa sielewi mwenye mali anatumaini zitabaki na nini baada ya miaka kumi. Chumvi inayotua kwenye fremu huvuta maji hata siku ambayo hewa ni kavu. Mgeni aliyekuja kunywa kahawa hawezi kutofautisha asili na nakala iliyochapwa vizuri kutoka hatua mbili, kwa hiyo kinachopotea kwa kutundika nakala ni kidogo mno, na kinachookolewa hakina badala.

Mlangoni mwa ofisi za umma na katika baadhi ya kumbi za kumbukumbu hali ni hiyo hiyo, na hapo nasikitika zaidi, kwa sababu mwenye hoteli ameinunua picha yake, ilhali ofisi ya umma inatunza ya wote. Ukumbi wowote unaoendeshwa kwa fedha za wananchi ungepaswa kuonyesha nakala, na kuandika chini yake kwamba hii ni nakala na asili imehifadhiwa mahali fulani kwa namba fulani. Hilo linawezekana: Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani, zimekuwa zikitunza picha pamoja na hati kwa miongo mingi, na mtafiti huletewa anachokitafuta mezani na kukirudisha.

Kwa picha zinazokaa nyumbani bila fremu, adui mkubwa ni vitu tunavyoviona vya kawaida. Albamu zenye kurasa za kunata na plastiki ya kufunika, zilizoingia kila nyumba miaka ya 1970 na 1980, zinapaswa kuachwa. Gundi yake huganda na kupenya kwenye karatasi, na plastiki yake mara nyingi ni PVC, ambayo hutoa asidi na kunata usoni mwa picha. Plastiki salama ni poliesta, polipropilini na politilini, ilimradi hewa ni kavu. Katika unyevu wetu mimi napendelea karatasi, kwa kuwa karatasi hupumua. Bahasha za kaki zenye mshono wa gundi katikati huacha mstari wa njano unaopita juu ya nyuso za watu, kwa maana gundi ile huvuta maji. Asiye na nyingine aigeuze picha, mgongo uelekee kwenye mshono. Mipira ya kufungia, klipu na pini za chuma, na magazeti ya kufungashia (niwie radhi, Mhariri) visikae na picha. Vidonge vya nondo visiwekwe ndani ya sanduku la picha. Moshi wa udi na ubani ni pambo la nyumba zetu na siuombi ukome, ila chumba kinachofukizwa kila Ijumaa si chumba cha kuwekea kasha la picha.

Picha zikilowa kwa mvua au bomba lililopasuka, zisiachwe zikauke zikiwa zimepangana, kwa kuwa zitakuwa tofali moja. Zitiwe kwenye beseni la maji safi ya baridi, zitenganishwe taratibu zikiwa ndani ya maji, kisha zilazwe moja moja, uso juu, kwenye kitambaa safi kivulini. Kazi hiyo ifanyike ndani ya siku mbili, kabla kuvu haijaanza. Zile za ute wa yai na zile zilizopakwa rangi zisitiwe majini. Hizo zinyanyuliwe kwa uangalifu na kuachwa zikauke zenyewe.

Tena yaandikwe majina. Picha isiyo na jina, baada ya kizazi cha pili, huwa ni ya mtu fulani aliyevaa kofia ya vito, basi. Mgongoni, karibu na ukingo, iandikwe kwa penseli laini, juu ya meza ngumu, bila kukandamiza, nani yuko kushoto na nani kulia, mtaa gani, mwaka unaokisiwa. Kalamu ya wino hupenya na kujitokeza usoni. Wapo bibi na babu wanaoweza kuzitaja nyuso zote za picha ya skuli ya mwaka 1955, na hawatakuwapo daima. Familia nyingi za hapa zimetawanyika tangu mwaka 1964, picha moja iko Unguja, ya pili Maskat, ya tatu Uingereza, na anayeyajua majina huenda haishi na picha. Leo simu ya mkononi inaweza kuzikutanisha.

Nakala ninayoisema iwe nakala ya kweli. Kuipiga picha kwa simu ikiwa imening'inia, na taa ya chumba iking'aa kwenye kioo, hakutoshi. Iskaniwe nje ya fremu kwa nukta 600 kwa inchi au zaidi, pamoja na mgongo wake, faili lihifadhiwe bila kubanwa, yaani bila kompyuta kulipunguza ukubwa, na liwepo mahali pasipopungua patatu, kimojawapo kikiwa nje ya nyumba. Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kilichukua mkusanyiko wa Winterton, uliopewa jina la aliyeukusanya, wa picha elfu kadhaa za Afrika Mashariki za kati ya mwaka 1860 na 1960, kikaziskani zote na kuziweka wazi kwenye intaneti. Mtu wa Bagamoyo anaweza kuutazama mji wake wa zamani bila asili kuguswa. Nimefurahi kuwa zipo, na nimeumia kwamba njia ya kuziona inapita Marekani.

Hapo ndipo ninapofika kwako, Mhariri. Hakuna picha zilizo hatarini zaidi katika nchi hii kuliko zile zilizo ndani ya makabati ya magazeti. Picha ya studio ililipiwa na mteja aliyetaka idumu. Picha ya gazeti ilichapwa saa moja kabla ya kurasa kufungwa. Ilipita kwenye fiksa kwa haraka, ikasuuzwa badala ya kuoshwa, ikakaushwa kwa joto, ikaandikwa vipimo vya kukatia kwa kalamu ya mafuta, ikabandikwa maelezo mgongoni kwa gundi ya kopo, na baada ya kuchapishwa ikatupwa ndani ya bahasha ya kaki. Niliowahi kufanya nao kazi ya namna hiyo watakubali kwamba hakuna aliyefikiria miaka hamsini mbele. Kwa hiyo salfa imo ndani ya karatasi hizo tayari, na inafanya kazi yake wakati tunasoma barua hii. Katika makabati hayo ndimo zilimo bandari, mikutano ya hadhara, mechi za mpira, shule zikifunguliwa, wakulima wa karafuu wakianika uwanjani, na nyuso za watu ambao hawakuwahi kuingia studio kwa kuwa hawakuwa na fedha ya kulipia.

Kila tunapokaribia sikukuu ya Muungano, magazeti huchapisha ile picha ya Mwalimu Nyerere akichanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar mwaka 1964. Mara nyingi inayochapishwa ni nakala ya nakala ya nakala: vivuli vimegeuka wino mtupu, nyuso za waliosimama nyuma zimefutika, na msomaji kijana hudhani picha za zamani zilikuwa hivyo tangu mwanzo. Hazikuwa hivyo. Picha nzuri ya fedha ina daraja nyingi za kijivu kati ya nyeusi na nyeupe, na zinarudi zote pale mtu anapokwenda kwenye asili, au kwenye negativu, akaiskani upya kwa uangalifu.

Naomba basi mambo matatu kutoka kwenye chumba chako cha habari. Waelezwe wasomaji makabati ya picha ya gazeti hili yako wapi sasa, katika chumba cha namna gani, na nani ana ufunguo. Zitenganishwe picha zilizogeuka manjano na zile zilizo nzima, kwa sababu zenye fiksa nyingi ndani yake hudhuru jirani, na za manjano zianze kuskaniwa kwanza, mbele na mgongo, bila kung'olewa yale maelezo yaliyobandikwa. Na gazeti lizungumze na Nyaraka za Taifa kuhusu kuzihamishia huko asili, huku haki ya kuzichapisha ikibaki kwa gazeti. Sitaki malipo: niko tayari kuja kukaa na vijana wako wa maktaba na kuwaonyesha namna ya kuitambua karatasi, kuishika kwa kingo zake, na kuibadilishia bahasha. Ningependa tuanze kabla ya masika.

Wako,
Fundi mstaafu wa chumba cha giza,
Mji Mkongwe, Unguja